Kukaa Kijijini Italia kwa Pesa Kidogo: Hatua kwa Hatua

Kila msimu wa safari ukikaribia, maswali ni yale yale. Kijijini ni nafuu kuliko Roma? Nitafikaje bila gari? Nitakula nini mimi nisiyekula nguruwe? Zile nyumba za euro moja zinakodishwa? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja hadi nimeona heri yakae mahali pamoja, ili anayejiandaa leo asianzie gizani.

Shika hili kwanza, maana kila hatua hapa chini inatokana nalo: kijiji cha Italia ni nafuu kwa anayekaa na ni ghali kwa anayepita. Anayelala usiku mmoja hulipa teksi kutoka stesheni, hukuta duka limefungwa, hula mgahawani kwa kukosa jiko, kisha huondoka kabla hajajua soko la wiki ni siku gani. Anayekaa siku kumi au wiki mbili hulipa nyumba kwa bei ya wiki, hupika, hupanda basi lile lile la wanafunzi na akina mama wa kijiji, na gharama yake ya siku hushuka. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili. Kama nia yako ni kuona miji mitano kwa siku saba, hautakufaa.

Nitatumia mfano wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Sulmona, mkoa wa Abruzzo, mashariki ya Roma: Pacentro, Introdacqua, Pettorano sul Gizio, Anversa degli Abruzzi na Scanno. Nimechagua huko kwa sababu treni inafika Sulmona kutoka Roma, mabasi yanapanda vijijini, na bei hazijafika zile za Toscana. Hatua zenyewe zitakufaa hata ukienda Umbria, Molise au Basilicata.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Pasipoti na, kama unahitaji, viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya, Italia ikiwemo (tazama Hatua ya 4).
- Kadi mbili za benki za mitandao tofauti, na euro taslimu za siku tatu za mwanzo. Pesa za kwenye simu hazitakusaidia dukani kijijini.
- Adapta ya plagi. Plagi ya pini tatu bapa tuliyoizoea Tanzania, Kenya na Uganda haiingii kwenye soketi za Italia, na duka la kijiji halina adapta ya namna hiyo. Nunua nyumbani, nunua mbili.
- Begi la mgongoni. Njia za kijiji ni mawe na ngazi, na sanduku la magurudumu utalibeba mikononi.
- Viatu vyenye soli inayoshika na koti, hata kama unakwenda Mei. Scanno iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa milimani ni baridi.
- Dawa zako za kila siku pamoja na cheti cha daktari.
- Programu ya kutafsiri kwenye simu, ukiwa umeshapakua Kiitaliano cha kutumika bila intaneti.
- Majani ya chai, iliki, bizari na pilipili. Usibebe nyama iliyokaushwa, maziwa wala samli: bidhaa za nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hazikubaliwi mpakani.

Hatua ya 1: Chagua kijiji kwa ratiba ya basi

Wengi huanza na picha nzuri. Anza na basi. Andika jina la kijiji, tafuta kampuni ya mabasi ya mkoa huo (Abruzzo ni TUA), kisha soma ratiba kwa makini. *Feriale* ni Jumatatu hadi Jumamosi, na mara nyingi huonyeshwa kwa nyundo mbili zilizopishana. *Festivo* ni Jumapili na sikukuu, alama yake ni msalaba. *Scolastico* ni basi la siku za shule tu, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Wanaona mabasi sita kwa siku, wanafika Julai na kukuta mawili, kwa sababu manne yalikuwa ya wanafunzi.

Andika mambo matatu: basi la kwanza kushuka mjini, basi la mwisho kurudi kijijini, na kama Jumapili kuna basi lolote. Ikiwa basi la mwisho kurudi ni saa nane mchana, kijiji hicho hakifai kwa asiye na gari, hata kama ni kizuri kiasi gani.

Kisha fungua ramani uhakikishe vitu vitano vinapatikana kwa kutembea: duka la vyakula (*alimentari*), tanuri la mkate (*forno*), baa, duka la dawa (*farmacia*), na posta. Baa ya Italia si kilabu cha pombe. Ni mahali pa kahawa asubuhi, na mara nyingi ndipo panapouzwa tiketi za basi. Posta inahitajika kwa sababu matawi ya benki yamefungwa katika vijiji vingi, na mashine ya posta huenda ndiyo pekee ya kutolea pesa.

Kuhusu vijiji maarufu: kuna umoja unaoitwa *I borghi più belli d'Italia*, ulioanzishwa mwaka 2001, wa vijiji vinavyohesabiwa kuwa vizuri zaidi nchini. Orodha yake ni nzuri kwa kutafuta eneo. Lakini lala katika kijiji cha jirani kisichokuwa kwenye orodha, halafu kitembelee hicho maarufu kwa basi la asubuhi. Civita di Bagnoregio, kule Lazio, hutoza kiingilio tangu 2013, na wakazi wake wa kudumu ni wachache mno. Unakwenda kutazama na kurudi. Si mahali pa kununua nyanya.

Na nyumba za euro moja? Hazikodishwi. Ni nyumba mbovu ambazo halmashauri kama za Mussomeli na Sambuca, huko Sicilia, zimekuwa zikizitangaza ili mnunuzi azikarabati kwa gharama yake, ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi kwa kuweka dhamana. Ukarabati hugharimu maelfu ya euro. Anayetafuta pa kulala kwa bei ndogo azisahau.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Agosti iepuke. Waitaliano wengi huchukua likizo wakati huo, na watoto wa kijiji waliohamia mijini na ng'ambo hurudi kwao. Tarehe 15 Agosti, siku ya *Ferragosto*, nchi nzima imepumzika. Nyumba hupanda bei na huisha mapema.

Novemba hadi Machi kodi ni ndogo, lakini milimani kuna theluji, migahawa kadhaa imefunga, na gharama ya kupasha nyumba joto inaweza kumeza ulichookoa. Ukiamua kwenda wakati huo, soma Hatua ya 3 mara mbili.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba na uulize maswali sahihi

Utakutana na aina nne. *Affittacamere* ni chumba cha kupanga. *Casa vacanze* ni nyumba au fleti nzima yenye jiko. *Agriturismo* ni malazi shambani: mazuri sana, lakini mara nyingi yako kilomita kadhaa nje ya kijiji, pasipo basi. Nyumba za watawa (*casa per ferie*, *foresteria*) ni safi na za bei nafuu, ila huwa na saa ya kufunga mlango usiku. Kwa anayekaa wiki nzima na zaidi, chukua *casa vacanze* yenye jiko. Usiache jiko kwa ajili ya chumba chenye mandhari nzuri. Jiko ndilo litakalokurudishia pesa.

Kila malazi ya kupangisha kwa muda mfupi yanatakiwa kuwa na namba ya utambulisho ya taifa, inayoitwa CIN, na kuionyesha kwenye tangazo tangu Januari 2025. Tangazo lisilo na CIN, mwenyewe anayekataa kukuonyesha nyumba kwa simu ya video, au anayetaka umtumie pesa zote kwa njia isiyorudisha: acha, tafuta jingine.

Ukishampata mwenye nyumba, muandikie kwa Kiitaliano kifupi na cha heshima. Hii unaweza kuinakili:

*Buongiorno signora, siamo in due e vorremmo restare dal 10 al 24 maggio. Il riscaldamento, la biancheria e le pulizie sono inclusi nel prezzo? La fermata dell'autobus è vicina? È possibile avere un prezzo per due settimane? Grazie mille.*

Yaani: tuko wawili, tunataka kukaa tarehe hizo, je, joto, mashuka na usafi vimo ndani ya bei? Kituo cha basi kiko karibu? Inawezekana kupata bei ya wiki mbili? Kama ni mwanamume andika *signore*. Swali la bei ya wiki mbili si la aibu. Mwenye nyumba wa Mei anajua kuwa wageni wengine wanakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, na mtu wa siku kumi na nne anampunguzia kazi ya kufua na kusafisha. Swali la joto ndilo la kutilia mkazo kuanzia Oktoba hadi Aprili: wengine hutoza kwa mita, wengine kwa mfuko wa kuni za punje (*pellet*). Pata jibu kwa maandishi.

Halmashauri nyingi hutoza kodi ya kulala (*imposta di soggiorno*) kwa kila mtu kwa kila usiku. Vijijini mara nyingi ni euro moja au mbili, na hulipwa ukifika, mara nyingi taslimu.

Hatua ya 4: Makaratasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari; mwisho ni siku 15 kabla, lakini usisubiri hadi hapo. Bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Unayeishi Ujerumani, Uswidi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali cha ukaazi, huhitaji viza. Kibali cha Uingereza pekee hakikuondolei haja ya viza.

Weka nafasi ya nyumba inayoweza kufutwa bila gharama mpaka viza itoke. Kama unakaribishwa na ndugu au rafiki, yeye atakuandikia barua ya mwaliko ya kuombea viza, na ukifika ana saa 48 za kuiarifu mamlaka kuwa anakupa malazi. Mkumbushe, kwa sababu wenyeji wengi hawalijui hilo. Ukipanga nyumba, mwenye nyumba atakuomba pasipoti ili awasilishe jina lako polisi. Usishtuke wala usikasirike. Ni sheria, na hata Mwitaliano mwenzake hutoa kitambulisho.

Hatua ya 5: Fika bila kuchoma pesa njiani

Tuchukue safari ya kutua Roma, uwanja wa Fiumicino, ambako ndege za kutoka Addis Ababa hufika.

1. Kutoka uwanjani usipande treni ya Leonardo Express ya euro 14 kwa mazoea. Hiyo inakwenda Termini, stesheni kuu ya Roma. Wewe unataka stesheni ya Tiburtina, na treni ya FL1 inafika huko kwa euro 8.
2. Tiburtina, tafuta treni ya *Regionale* (ya mkoa) ya Sulmona. Bei ya treni za aina hii haibadiliki. Kununua mwezi mmoja kabla au dakika kumi kabla ni sawa. Safari ni kama saa mbili na nusu hadi tatu, na nauli iko chini ya euro 15.
3. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine kilicho stesheni kabla ya kupanda. Tiketi ya kwenye simu ifanyie *check-in* kabla ya kuanza safari. Anayesahau hupigwa faini hata kama amelipa nauli, na kusema "mimi ni mgeni" hakusaidii.
4. Reli ya Roma hadi Sulmona hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo, na basi huwekwa badala yake. Siku mbili kabla, angalia. Pia kuna mabasi ya moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi cha Tiburtina, mkabala na stesheni.
5. Stesheni ya Sulmona iko kama kilomita mbili kutoka mji wa kale. Uliza basi la kijijini linaanzia wapi, na nunua tiketi kwenye baa au kwa muuza tumbaku (*tabacchi*, alama ya T). Kununua ndani ya basi, pale inaporuhusiwa, ni ghali zaidi.

Onyo: usipange kufika Jumapili, wala usipange ndege inayotua alasiri ukitegemea kulala kijijini siku hiyo hiyo. Lala Sulmona usiku mmoja, panda kijijini asubuhi. Chumba cha mjini ni nafuu kuliko teksi ya usiku ya kupanda mlima.

Kuhusu gari: kodi siku moja au mbili kwa ajili ya matembezi kama lazima, usikodi kwa muda wote. Leseni yako iandamane na kibali cha kimataifa cha udereva. Na ukiona bango la *Zona Traffico Limitato*, usiingie. Kamera hupiga picha, faini hukufuata nyumbani.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza

Salimia. Kila mtu, kila mara: *Buongiorno* asubuhi, *Buonasera* kuanzia alasiri. Ukiingia dukani salimu kabla ya kutazama bidhaa. Ukiingia nyumba ya mtu sema *Permesso* mlangoni, kama vile unavyopiga hodi. Kwa aliyelelewa na wazee wetu hili si gumu, na kwa maoni yangu ndilo linalotufanya tuzoeleke haraka kuliko wageni wengine. Bibi aliyekaa kwenye kiti nje ya mlango wake anajua basi limechelewa, nani anauza mayai, na mwenye ufunguo wa kanisa. Asipokusalimu kwanza, anza wewe.

Kisha fanya haya kabla jua halijazama. Piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni, kwa maana huenda ni tofauti na ya mtandaoni. Uliza takataka hutolewa siku gani: vijiji vingi hukusanya mlango kwa mlango, leo mabaki ya chakula (*umido*), kesho plastiki, keshokutwa karatasi. Muulize mwenye nyumba kikata umeme kiko wapi. Tafuta chemchemi ya kijiji na ujaze chupa. Maji ya milimani ni matamu na ni bure, ila palipoandikwa *non potabile* usinywe.

Hatua ya 7: Kula

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo zinapookolewa.

Jua saa za maduka. Mengi hufunga kati ya saa saba mchana na saa kumi au kumi na nusu jioni, hufunga Jumapili, na baadhi hufunga alasiri moja katikati ya wiki. Jumamosi asubuhi nunua chakula cha hadi Jumatatu. Kati ya saa za mapumziko kijiji kimelala: usipige kelele, usisogeze meza, usipige muziki.

Dukani na kwenye forno vitu vingi hupimwa kwa *etto*, gramu 100. *Due etti di pecorino* ni gramu 200 za jibini la kondoo. Bei iliyoandikwa kwa *etto* isikudanganye ukadhani ni ya kilo. Mwenye alimentari atakukatia mkate na kukujazia jibini ukimwomba *panino*; ni chakula cha mchana cha euro tatu au nne. Kahawa inywe ukiwa umesimama kaunta, kati ya euro 1.20 na 1.50, ukikaa mezani bei inaweza kupanda.

Soko la wiki ni asubuhi tu. Sulmona ni Jumatano na Jumamosi, katika uwanja wa Piazza Garibaldi, kando ya mfereji wa maji wa mwaka 1256 unaosimama hadi leo. Nenda na basi la kwanza: matunda, mboga, maharage, kitunguu saumu chekundu cha Sulmona, ambacho ni maarufu nchi nzima. Maduka makubwa ya bei nafuu, aina ya Lidl na Eurospin, hayako kijijini. Siku ya soko ndiyo siku ya kuyapitia.

Ugali unapatikana. Tafuta *farina di mais fioretto*, unga wa mahindi uliosagwa laini. Ni wa njano na unasongeka vizuri. Usichukue ulioandikwa *istantanea*, huo umeshapikwa nusu na hausimami. Unga wa chapati ni *farina 0*. Mchele wa mviringo wa *risotto* haufai pilau; chukua basmati.

Mgahawani nenda mchana, siku za kazi. Uliza *menù del giorno* au *pranzo di lavoro*: sahani mbili, maji, mara nyingine na kahawa, kwa euro 12 hadi 15 hivi. Usiku sahani zile zile huagizwa moja moja na bei hupaa. *Coperto* ni malipo ya meza, kati ya euro 1 na 3 kwa mtu. Si wizi, lazima iwe imeandikwa kwenye menyu. Na kwa sababu ipo, bakshishi si lazima.

Fahari ya Abruzzo ni *arrosticini*, vijiti vyembamba vya nyama ya kondoo juu ya makaa, mishkaki kabisa. Kijiti kimoja ni zaidi kidogo ya euro 1, na mtu mmoja hula kumi bila kuhema, kwa hiyo hesabu kabla ya kuagiza.

Kwa wasiokula nguruwe, makini na visivyoonekana. *Strutto* ni mafuta ya nguruwe, na huwekwa kwenye baadhi ya mikate, focaccia na biskuti. *Guanciale*, *pancetta*, *lardo*, *speck* na *prosciutto* zote ni nguruwe, na supu ya maharage huweza kupikwa nazo bila kutajwa. Sema mapema: *Non mangio maiale, neanche strutto o pancetta.* Arrosticini ni kondoo, lakini hakuchinjwa kihalali isipokuwa umeambiwa hivyo. Nyama ya halali itafute mjini kwenye duka lililoandikwa *macelleria islamica*. Kijijini kula *pallotte cacio e ova*, madonge ya jibini na mayai ndani ya mchuzi wa nyanya, ambayo ni chakula halisi cha Abruzzo. Ongeza pasta ya nyanya, samaki, na *cicoria*, mboga chungu ya majani inayokaangwa na kitunguu saumu. Hutakosa kushiba.

Hatua ya 8: Furahia bila kulipa

Tafuta tangazo la *sagra*, sherehe ya chakula cha msimu inayoandaliwa na wanakijiji kupitia chama chao cha kujitolea, *Pro Loco*. Meza ndefu, sahani za bei ndogo, muziki, watoto hadi usiku. Beba taslimu. Tarehe 1 Mei kijiji cha Cocullo, kilicho kwenye reli ya Sulmona, huadhimisha sikukuu yake kwa kuivisha sanamu ya mtakatifu San Domenico nyoka hai na kuipitisha mitaani. Umati ni mkubwa, fika mapema.

Scanno panda asubuhi, rudi jioni. Basi hupita katika korongo la Sagittario, na njia peke yake inatosha kuwa safari. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alipiga picha ngazi za kijiji hicho mwaka 1951, na Mwitaliano Mario Giacomelli alipiga zake huko mwaka 1957. Wapiga picha bado wanazifuata. Juu ya Sulmona, kwenye mlima Morrone, iko pango-kanisa la mtawa Pietro, aliyechaguliwa Papa Celestino wa Tano mwaka 1294 na kujiuzulu mwaka huo huo. Unapanda kwa miguu.

Njia za milimani zimepakwa alama nyekundu na nyeupe. Ukikuta kundi la kondoo, zunguka mbali. Mbwa weupe wakubwa wanaolilinda hawachezi, na kazi yao ni kukuzuia. Usikimbie, usirushe jiwe, rudi nyuma taratibu.

Hesabu ya mfano

Watu wawili, wiki mbili za Mei, kwa makadirio yangu: nyumba euro 600, chakula cha kupika 350, usafiri kutoka uwanjani na kurudi 100, migahawa na matembezi 150, kodi ya kulala 28. Jumla ni euro 1,228, yaani karibu 44 kwa mtu kwa siku, bila ndege, viza na bima. Ukienda peke yako nyumba haigawanyiki, na hapo chumba cha affittacamere chenye ruhusa ya kutumia jiko kinakuwa na maana.

Mambo yakikwama

*Umeme umekatika ghafla.* Nyumba nyingi zina kilowati 3 tu. Oveni, mashine ya kufulia na birika vikiwaka pamoja, mita hujizima. Zima kimoja, kisha inua swichi. Wakati mwingine mita iko nje, ukutani au chini ya ngazi.

*Basi halikuja.* Angalia kama ni sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, kama shule zimefunga, au kama kuna mgomo (*sciopero*). Siku ya mgomo wa treni, zile za mkoa zilizohakikishwa siku za kazi hupita kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na kati ya saa 12 na saa 3 usiku. Uliza baa, mwenye baa hujua nani anashuka mjini.

*Mashine ya pesa imekataa kadi.* Jaribu ya posta. Epuka mashine zisizo za benki zilizobandikwa mitaa ya watalii, na ikikuuliza ulipie kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Maduka yanatakiwa kupokea kadi, lakini sokoni na kwenye sagra usiitegemee.

*Takataka zimeachwa mlangoni.* Umetoa aina isiyo ya siku hiyo. Rudisha ndani, tazama kalenda. Katika vijiji vya Abruzzo usiache mabaki ya chakula nje usiku kucha, kwa kuwa dubu huyafuata.

*Umeugua.* Dharura ni 112, simu ni bure. Kwa jambo dogo anza farmacia, penye msalaba wa kijani; mfamasia atakushauri. Usiku na mwisho wa wiki uliza *guardia medica*, daktari wa zamu. Weka risiti zote, bima itazidai.

*Mwenye nyumba anataka zaidi ya mlichokubaliana.* Mwonyeshe ujumbe wake wa maandishi, kwa upole, na mlipe kilichoandikwa humo. Akisisitiza, omba risiti (*ricevuta*) yenye maelezo ya kila kiasi, na uipeleke kwa mtandao uliotumia kuweka nafasi kabla hujaondoka kijijini.